Nyumba Iliyopimwa kwa Mti wa Mkoko

Vyumba vya nyumba za kale za Amu, yaani Lamu, ni virefu na vyembamba. Ukisimama katikati ya msana, yaani ukumbi mrefu wa nyumba, kushoto na kulia kwako kuna nafasi ya kutandika jamvi baada ya jamvi, lakini mbele na nyuma ni hatua tatu nne tu kabla hujagusa ukuta. Wageni wengi hudhani kiwanja kilikuwa kidogo. Kiwanja hakina kosa. Dari ya nyumba hizi imebebwa na boriti za mkoko, na boriti iliyobebeshwa sakafu nzima ya mawe na chokaa haivumilii kuvuka mwanya wa zaidi ya mita mbili na nusu, au tatu ikizidi sana. Kwa hiyo fundi hakuanza na matakwa ya mwenye nyumba. Alianza na mti uliotoka msituni, akauliza unaweza kubeba nini, ndipo akapima chumba. Tajiri aliyetaka nyumba kubwa hakupewa chumba kipana. Alipewa vyumba vingi vyembamba, kimoja nyuma ya kingine.

Nyumba ninayotaka kuisimulia ni ile ya karne ya 18 iliyohifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya mtaani Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu. Imefichwa vichochoroni nyuma ya majumba ya ufukweni, na usipouliza utaipita. Si kubwa. Mtu mwenye haraka huimaliza kwa dakika kumi na tano na kutoka akilalamikia kiingilio, nimewasikia. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezoea nyumba za Mji wa Kale zenye roshani za mbao zinazochungulia barabarani, na kilichonivutia Amu ni kwamba nyumba zake za zamani haziichungulii barabara hata kidogo. Zimeipa mgongo.

Anza na mlango. Nje kuna daka, kibaraza chenye paa na viti vya mawe pande zote mbili, na hapo ndipo mwenye nyumba alipokaa na wenziwe jioni, wakazungumza biashara, mirathi na siasa za Pate, mji wa kisiwa jirani. Mtu wa kawaida aliyekuja na shida yake aliishia hapo. Ukivuka mlango unaingia tekani, chumba kidogo cha mapito, na hapo njia inapinda. Huwezi kusimama mlangoni ukaona ndani, hata mlango ukiachwa wazi mchana kutwa. Baada ya kupinda ndipo unapotokea kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa juu, na mwanga wote wa nyumba unatoka hapo. Kuta zinazotazama mitaani hazina madirisha ya maana. Ni matundu machache, juu, ya kupitishia hewa.

Kando ya kiwanda, upande wa kuingilia, kuna sabule, chumba cha mgeni. Mgeni wa Amu wa zama zile hakuwa shangazi aliyekuja wiki moja. Alikuwa mfanyabiashara aliyeshuka na kaskazi, akasubiri kusi imrudishe kwao, na katikati ya pepo hizo mbili kuna miezi. Alipewa chumba chake, na njia yake ya kuingia na kutoka isiyokatiza kwa wenye nyumba. Alilishwa, aliheshimiwa, alifanya biashara na baba mwenye nyumba, na huenda akaondoka bila kuuona uso wa binti yeyote wa nyumba ile. Hoteli nyingi za leo haziwezi kukupa faragha ya namna hiyo, wala kumpa mwenyeji wako.

Kutoka kiwandani ndipo nyumba yenyewe inapoanza. Kwanza msana wa tini (wa chini), ulio wazi upande wa ua. Nyuma yake msana wa yuu (wa juu), uliopanda kidogo. Nyuma yake chumba kiitwacho ndani, kilichopanda tena. Kila unapovuka kwenda ndani zaidi unainua mguu, na kila unapoinua mguu idadi ya watu wanaoruhusiwa kufika hapo inapungua. Sijui kama kuna namna iliyo wazi zaidi ya kumwambia mtu mahali pake bila kumwambia neno. Mpango huu haukuzuliwa Amu wala karne ya 18. Nenda Gede, mji uliohamwa karne ya 17, uyatembee magofu yake: utaukuta ua mbele, vyumba virefu vyembamba vikifuatana nyuma yake, na madaka ya ukutani, si lile daka la mlangoni bali vishubaka vya kuwekea vyombo.

Amu, hata hivyo, waliyafikisha madaka mahali ambapo sijapaona kwingine. Ukuta wa nyuma wa ndani, ule unaoukabili ukiwa umesimama uani, umejaa zidaka, yaani madaka madogo, kutoka upande mmoja hadi wa pili: safu juu ya safu za vijidirisha visivyotoboka, kila kimoja na upinde wake na nakshi zake za chokaa. Humo ndimo zilimowekwa sahani za Kichina na bakuli, shaba, vitabu, vichupa vya marashi. Ukuta una unene wa karibu nusu mita, mzito kama gati, lakini kwa sababu ya vile vivuli vidogo vidogo macho yanauona umekuwa mwepesi, yanaamini kuna kitu zaidi nyuma yake. Mwanga unaoingia kutoka kiwandani unafika pale umechoka, na chokaa iliyosuguliwa ikang'aa inaurudisha kidogo. Kaa chini, kwenye mkeka, ndipo utaona kwa nini imepangwa hivyo. Zidaka ziliwekwa kwa jicho la mtu aliyekaa. Watalii huzitazama wakiwa wamesimama, wanapiga picha, wanaenda.

Watafiti waliozungumza na wanawake wa Amu katika miongo iliyopita waliambiwa kuwa sahani zile hazikuwa pambo tu. Zilikingia nyumba dhidi ya hasadi. Jicho baya likiingia litue kwenye sahani. Heri ipasuke sahani kuliko mtu kudhurika. Washairi wa zamani walipotaka kulia juu ya Pate iliyoanguka, hawakushughulika sana na majeshi na ngome. Waliyalilia madaka ya visahani yaliyogeuka malazi ya makinda ya ndege. Kila msikilizaji alielewa papo hapo ukubwa wa msiba.

Nyuma ya ukuta wa zidaka kuna nyumba kati, chumba cha ndani kabisa, chenye giza hata saa sita mchana. Wageni huongozwa hapo haraka haraka kwa kuwa hakuna cha kupiga picha. Mimi naona ndicho chumba kizito kuliko vyote. Mambo ambayo familia haikutaka yaonwe na mtu yalifanyika sehemu hizi za nyuma: mwanamke kujifungua, na maiti kuoshwa kabla ya kutolewa kwenda kuzikwa. Mtoto alipotimiza siku arubaini alibebwa akazungushwa nyumbani, akaambiwa hapa ndipo wanapokaa wageni, hapa ndipo panapofanywa hivi, pale ndipo panapofanywa vile. Mtoto wa siku arubaini haelewi chochote, bila shaka. Waliokuwa wakisikiliza ni mama zake na shangazi zake na vijakazi waliosimama kando, na kila mmoja alikumbushwa kona yake.

Halafu kuna choo. Ndiyo, nitakisifu choo. Kipo ndani ya nyumba, ghorofani na chini, wakati ambapo miji mingi mikubwa ya Ulaya ilikuwa ikimwaga ndoo dirishani. Pembeni kuna birika ya mawe iliyopakwa chokaa laini, ya kuhifadhia maji ya kuoga na kutawadha. Maji yaliyosimama Pwani ni mbu, kila mtu anajua, kwa hiyo ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Na kwa kuwa birika hukauka au husafishwa, chini kabisa ilichimbiwa bakuli la kauri, likajengewa humo humo, ili maji ya mwisho yabaki hapo na samaki wasife. Nikilitazama bakuli lile la Kichina, lililovuka bahari nzima kuja kuwa kisima cha samaki wawili watatu chooni Amu, naona waliojenga nyumba hii walikuwa watu wa kufikiri mpaka mwisho.

Juu kabisa, darini, kulikuwa na jiko chini ya paa la makuti. Moshi ulipaa zake, moto ukiwaka ungekula makuti tu na usiguse boriti za chini, na wanawake walipata upepo wa bahari na kuzungumza na jirani wa dari ya pili. Wasafiri wengi huandika juu ya wanawake wa Amu kama watu waliofungiwa gizani. Wangepanda ngazi wangeona kuna mji wa pili huko juu. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na wikio pia, vyumba vilivyojengwa juu ya kichochoro vikaunganisha ukuta na ukuta. Bado unapita chini yake leo ukiinamisha kichwa bila kukusudia. Nyumba mara nyingi ilikwenda kwa binti. Baba mwenye uwezo alimjengea bintiye ghorofa juu ya yake, au nyumba ya jirani, ili akiolewa asihamie mbali, na mume ndiye aliyekuja. Ukiutazama mtaa kwa macho hayo, lile rundo la ghorofa na wikio lisiloeleweka linakuwa shajara ya ndoa.

Fedha za kujengea haya zilitoka baharini. Karne ya 17 ikielekea mwisho na karne ya 18 yote, miji ya funguvisiwa la Lamu ilikuwa na biashara ya kutosha na Arabuni, Uajemi na Bara Hindi: pembe za ndovu, nafaka, na boriti zenyewe, maana kule kwenye jangwa hakuna mti wa kuezekea. Pate ilikuwa juu, Amu ikapanda. Mwanzoni mwa karne ya 19 Amu iliwashinda Pate na ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa katika vita vya Shela, kisha, ikihofia kisasi, ikaomba ulinzi wa Oman. Ngome iliyoko karibu na soko ilikamilika 1821. Kuanzia hapo maamuzi yakaanza kuhamia Unguja, kulikokuja kuwa makao ya sultani wa Oman, kidogo kidogo, na ladha ya nyumba pia ikageuka: milango mikubwa ya nakshi, samadari (vitanda) za Kihindi, vioo, madirisha. Nyumba ya Mkomani ni ya kabla ya mageuzi hayo, na ndiyo maana naipenda kuliko majumba ya ufukweni.

Sasa jambo linalonikera. Vyumba vya makumbusho vimepambwa vizuri: kiti cha enzi, vitanda, mikeka, vyombo vya jikoni, mbuzi ya nazi. Ni safi mno. Nyumba ya aina hii haikuweza kuishi siku moja bila watu wa kuteka maji na kuyapandisha ngazi, kusaga, kupika, kufagia, kubeba shiraa ambamo bibi wa nyumba alitembea mtaani bila kuonekana. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa, na utumwa katika pwani hii ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana; wengine walijenga kwa udongo na makuti, na nyumba zao hazikungoja makumbusho. Walioyachonga mawe ya matumbawe ya kuta hizi, waliochoma chokaa, hawakuachiwa hata daka moja lenye jina lao. Mwenyeji anayekuzungusha huyagusia haya ukimuuliza. Naona isingepaswa kuulizwa. Ingetosha kuwekwa mtungi wa maji chini ya ngazi na maelezo mafupi ya nani aliupandisha.

Nyumba kama hii ilisalimikaje? Watu hupenda kusema Amu wanaupenda urithi wao, na ni kweli, lakini kuna sababu isiyo na sifa: hela zilikwisha. Utumwa ulipofutwa, mashamba ya bara yalikosa mikono. Reli ya Uganda, iliyojengwa 1896 hadi 1901, iliivuta biashara yote Mombasa. Katika mji ambao hakuna mwenye uwezo wa kubomoa na kujenga upya, nyumba ya babu hubaki nyumba ya babu. Mombasa ilitajirika na tumepoteza mengi. Amu ilibaki na vichochoro vyake, na mwaka 2001 UNESCO ikaiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia, hekta 16 hivi za mji mkongwe ambao bado unakaliwa na wenyewe.

Hapo ndipo hatari ya leo inapoanzia, na haina uhusiano na watalii. Ni simiti.

Karibu na nyumba ya makumbusho nilimkuta fundi mzee akibandua plasta ya ukuta wa nyumba ya mtu. Plasta ilikuwa ya simiti, haina miaka mingi, lakini ilikuwa imefura na kuachana na ukuta, na nyuma yake mawe yalikuwa yakidondoka kama sukari guru. Nikamsalimu, nikamuuliza, "Ami, mbona inabanduliwa na bado inaonekana ngumu?"

"Ngumu ndiyo ila yake, mwanangu," akasema kwa Kiamu, ambamo mai ni maji. "Mawe haya yana chumvi na yanapanda mai kutoka tini. Chokaa huyaachilia yakatoka. Simiti huyafungia mlemle. Yakikosa pa kutokea, yanaula ukuta wenyewe."

Alinipa kipande cha plasta ya zamani nikishike pamoja na kipande cha simiti. Cha simiti kilikuwa kizito, cha kijivu, kikavu juu na kibichi upande uliogusa ukuta. Cha chokaa kilikuwa chepesi, cheupe, na ndani yake vilionekana vijipande vya mkaa wa tanuu. Chokaa ya zamani ilipatikana kwa kupanga magogo na mawe ya matumbawe kwa tabaka, kuwasha moto, kuacha yaungue mpaka yalainike, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yalale kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Kadiri ilivyolala ndivyo ilivyokuwa bora. Sakafu nayo ilimwagwa kwa tabaka, mawe madogo na chokaa juu ya boriti, ikapigwa kwa magongo siku kwa siku, kwa nyimbo, mpaka ikakaza bila kupasuka. Hakuna mwenye nyumba wa leo mwenye subira hiyo, wala mfuko. Mfuko wa simiti unapatikana dukani asubuhi na ukuta umekwisha jioni. Simlaumu mtu anayeziba ufa mvua ikinyesha. Ninalaumu kwamba aliyeziba hakuwahi kuambiwa.

Nakshi za zidaka ndizo zinazoumia kwanza, kwa sababu ni chokaa tupu iliyochongwa ingali mbichi, na unyevu uliofungiwa ukutani huzitafuta zenyewe. Ukipita nyumba za watu huko Mkomani, wakikukaribisha, utaona zidaka zilizopakwa rangi ya mafuta, zingine zimezibwa kabisa kuwa ukuta laini wa kuwekea televisheni. Na utaona nyingine zimetunzwa kwa mapenzi na bibi ambaye hajui karne ya 18 ni ipi, ila anajua zile bakuli mbili zilizobaki zisiguswe na wajukuu.

Boriti zina hadithi yao ya sasa. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, na majahazi yaliyokuwa yakizibeba kwenda Arabuni yakakoma. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, wakataji mikoko wa Lamu waliguswa pia, na malalamiko yao yalikuwa na haki yake: familia zinazoishi kwa shoka ni zilezile zinazojua mti upi uachwe ukue. Fundi yule aliniambia kazi zake nyingi siku hizi hutegemea boriti kuukuu. Nyumba ikianguka, boriti hazitupwi. Hugongwa moja moja kwa nyundo zisikilizwe, zinazolia vizuri huwekwa kando. Zile zilizoliwa na mchwa ni kuni. Nilimuuliza kama boriti mpya ikipatikana angepanua chumba kidogo, maana mwenye nyumba alikuwa akitaka kitanda cha futi sita kwa sita na kabati.

Akacheka. "Akanunue kitanda chembamba."